Paterni ya Ganda la Mgomba

Kila ninapomkatia ng'ombe mgomba, harufu ile hunirudisha nyuma. Si harufu ya ndizi. Ni ya maji ya shina lenyewe, baridi na yenye ukakasi, inayopanda pale panga linapopita na utomvu kugusa chuma. Husimama kidogo, panga mkononi, na ghafla nina miaka kumi na minne, nimepiga magoti mbele ya gari lisilo na injini, na utomvu umenidondokea kwenye sketi ya shule. Sketi hiyo niliivaa kazini, kwa kuwa shuleni nilikuwa siendi tena. Doa lile halikutoka. Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, na kila aliyelelewa huku juu anajua hivyo.

Wa rika langu mliopita barabara ya kupanda Old Moshi huenda mnaikumbuka karakana ya Fundi Deo. Ilikuwa pale mji unapoishia na migomba inapoanza, mabati manne juu ya nguzo, na mageti yasiyomalizika yameegemezwa ukutani. Mama yangu alikuwa akiwauzia mafundi chai asubuhi na makande mchana. Baba alikuwa ametutoka zamani, nikiwa darasa la tano. Mama naye alipofariki, mimi nilikuwa nimekaa kidato cha kwanza miezi michache tu. Nyuma yangu walikuwapo wawili: Gaspari, miaka kumi na mmoja, na Ndeshi, miaka sita. Wiki moja baada ya mazishi nilibeba birika la mama nikashuka nalo karakana, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kulipeleka.

Nilimimina chai. Baada ya chai niliambiwa nishike upande wa pili wa bomba wakati fundi anachomelea, nikashika. Kesho yake tena. Fundi Deo alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, mfupi, mwenye nyusi zilizoungua kwa cheche, na hakuwa na maneno mengi. Siku moja aliniambia, "Mkono wako hautikisiki." Hilo tu. Nikatembea nalo mpaka nyumbani.

Arobaini ya mama ilipotimia, ukoo ulikaa kwenye uwanja wetu kuzungumzia habari zetu. Baba Mkubwa alipanda kutoka Chekereni, anakolima mpunga. Baba Mdogo alitoka kwenye mashamba ya miwa, anakofanya kazi. Shangazi alitoka mjini. Mimi nilikuwa jikoni nachota mbege, pombe yetu ya ndizi, lakini ukuta wa jiko letu ulikuwa wa mbao zilizoachana, na kila neno lilipita. Gaspari angeshuka Chekereni na Baba Mkubwa. Ndeshi angekaa na Shangazi. Mimi ningetafutiwa nyumba ya kufanya kazi Arusha. Kihamba, shamba letu la urithi, kingetunzwa na jirani mpaka Gaspari akue. Hawakusema kwa ukali. Walisema kama watu wanaopanga viti.

Nilitoka na kibuyu mkononi nikasimama mbele yao.

"Mimi nina kazi," nikasema.

Baba Mdogo akanitazama. "Kazi ya kumimina chai?"

"Kazi ya chuma."

Walicheka wote. Shangazi akasema, "Mtoto wa kike na chuma, Yesu wee." Baba Mkubwa peke yake hakucheka sana. Alipokea kibuyu, akanywa, akafuta masharubu. "Huyo fundi aje aseme mwenyewe," akasema. "Jumamosi ya tatu kuanzia leo tutarudi. Akisema kazi ipo na unaiweza, tutazungumza. Asipokuja, kila mtoto anakwenda alikopangiwa."

Kesho yake nilimweleza Fundi Deo. Alikuwa anapiga tupa kwenye bawaba ya geti na hakuinua kichwa.

"Mimi siwezi kwenda kudanganya mbele ya wazee wenzangu," akasema. "Leo hii unajua kushika tu. Una wiki tatu. Jifunze kitu ambacho nikikisema hakitanisuta."

Nadhani huo ndio ukweli mkubwa wa kwanza nilioambiwa na mtu mzima baada ya mama kufa. Wengine wote walikuwa wakiniambia nivumilie.

Siku nne baadaye wanafunzi wa chuo cha ufundi walifika wakisukuma gari. Walikuwa sita, wamelowa jasho, na mbele yao alikuwa kijana mrefu mwenye miwani aliyeitwa Kelvin, mtoto wa Dar. Gari lilikuwa jeupe, dogo, kuukuu, milango yake miwili ikiwa na rangi mbili tofauti. Fundi Deo alifungua boneti akachungulia.

"Injini iko wapi?"

"Tumeitoa, fundi," Kelvin akasema.

"Imeibwa?"

"Hapana, tumeitoa wenyewe. Tunaligeuza liwe la umeme."

"Mmetoa injini kwenye gari lililokuwa linatembea?"

"Lilikuwa halitembei vizuri, fundi."

"Sasa halitembei kabisa. Hongereni."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kelvin naye alicheka, na kwa sababu hiyo nikampenda hapo hapo. Alieleza kwamba mwalimu wao aliwapa gari hilo, kwamba wameshapata mota ya umeme iliyotolewa kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na kwamba baada ya mwezi watahini watakuja kulitazama likitembea. Walichokosa ni vyuma. Walihitaji vishikio vya mota, masanduku ya betri, na zaidi ya yote bamba la katikati. Mota ilikuwa na matundu yake ya bolti, giaboksi ina yake, na hayakufanana hata kidogo. Bamba nene, lenye matundu ya huku na ya kule, ndilo lingezishikanisha.

Mimi nilielewa nusu. Niliposikia "la umeme" niliwaza waya. Pasi ya jirani ilikuwa na waya, na redio vilevile, basi gari nalo lingekuwa na waya mrefu unaoburutwa nyuma. Siku mbili nzima nilijiuliza waya gani utafika Old Moshi bila kukanyagwa na ng'ombe. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu anayetetewa kazi hatakiwi kuonekana hajui.

Wiki mbili zile nilijifunza kama mwenye njaa. Nilijifunza kushika drili ikiwa inapiga kelele, kuimwagia maji ya sabuni ili ncha isiungue, kupiga alama ya katikati kwa ncha ya chuma kabla ya kutoboa. Vishikio vya mota tulivikata kwenye chuma cha pembe, na kimoja nilikisaga mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini kitu ambacho Fundi Deo alikuwa akikitazama kwa jicho lake lote ni paterni, yaani nakala ya umbo inayopigwa kabla ya kukata chuma.

Sijui kama karakana nyingine wanafanya hivi. Fundi Deo hakuchukua vipimo vya umbo gumu kwa karatasi. Alisema karatasi inanyonya mafuta na kuchanika. Alitumia ganda la mgomba. Mgomba ukishakatwa ndizi, alibandua maganda mapana ya shina, akayakausha kivulini wiki kadhaa chini ya mawe mpaka yakawa bapa na magumu kama ngozi, akayapanga juu ya boriti ya karakana. Akitaka umbo la kitu, alilaza ganda juu ya uso wa chuma na kulizungukia kwa nyundo ndogo, taratibu, tap tap tap, na kingo za chuma zikalikata ganda zenyewe. Penye tundu, ganda lilitoboka tundu. Ulibandua kitu kilicho sawasawa na chuma kilichokuwa chini yake. Uso wa giaboksi ya gari lile ulikuwa na kona na mbonyeo zisizo na jina. Rula ya Kelvin ilishindwa, ganda halingeshindwa.

Alhamisi ya wiki ya tatu, siku mbili kabla ya kikao, Fundi Deo aliniita. "Leo paterni ya giaboksi utapiga wewe. Mimi napeleka geti Majengo. Hiki ndicho nitakachokisema Jumamosi."

Akaondoka. Nikapanda kwenye stuli kuchukua ganda juu ya boriti. Boriti ilikuwa tupu.

Nilijua kwa nini. Ilikuwa masika, kuni zetu nyumbani zilikuwa zikitoa moshi tu na Ndeshi alikuwa akikohoa. Kila jioni nilikuwa nachukua maganda mawili matatu ya kuwashia moto. Sikuona kama ninaiba. Kwetu ganda kavu la mgomba ni kitu cha chini ya miguu, kila mama anaokota akipita. Sikuwahi kufikiri kwamba yale ya juu ya boriti yalikuwa yamehesabiwa na mtu kwa miezi. Nilikuwa nimeyapika yote.

Sasa natamani ningemsubiri fundi arudi. Lakini niliona Jumamosi mbele yangu kama geti linalofungwa. Nikachukua kisu nikaenda nyuma ya karakana, kwenye mgomba uliokatwa juzi, nikabandua ganda bichi, jeupe, zito, linalodondosha maji. Nililifuta kwa sketi yangu. Kelvin alilishika juu ya uso wa giaboksi kwa mikono miwili, nami nikapiga.

Lilitoka zuri kuliko makavu yote niliyowahi kuyaona. Ganda bichi ni laini, kila ukingo ulichora kama wembe.

"Sista," Kelvin akasema, "hii ni kama imetoka kwenye kompyuta. Aisee, chuo waje wajifunze huku."

"Usimwambie fundi kuwa ni bichi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Usimwambie tu."

Kisha nikafanya jambo la pili, ambalo ndilo lililoniharibia. Sikutaka Fundi Deo akirudi aone ule weupe wa ubichi. Nikaliweka ganda karibu na jiko la mkaa nililochemshia chai, chini ya tofali ili lisijikunje, na mpaka jioni lilikuwa kahawia kama ya kwake. Nililitazama nikaridhika. Nilijiona mwerevu.

Ijumaa asubuhi fundi alililaza ganda juu ya bamba. Lilikuwa bamba la chuma nene kama kidole gumba, alilolitafuta wiki nzima kwa wauza chuma chakavu na kulipata moja tu. Alilitazama ganda kwa muda, akalipapasa, akasema, "Umelikata safi." Tukapiga alama. Tukatoboa matundu yote kumi, mimi nikimwaga maji ya sabuni, naye akikaza drili kwa uzito wa mwili wake. Tukakata umbo, tukasaga kingo. Ilipofika saa nane tulilibeba watu wawili mpaka kwenye gari na kuliinua.

Matundu ya juu na ya chini yalikaa. Ya pembeni hayakukaa. Bolti ziligonga chuma kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango usiofunguliwa. Fundi aligeuza bamba, akajaribu tena. Yalikuwa yamepishana kwa unene wa punje ya mahindi, kushoto na kulia, yote kuelekea ndani.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali. "Nani alishika ganda?"

"Mimi, fundi," Kelvin akasema.

"Ulitikisika."

Kelvin alinitazama mara moja, kisha akaitazama giaboksi. "Labda nilitikisika."

"Chuoni wanawafundisha nini? Bamba hili ni moja. Mimi nitalipata wapi jingine kabla ya watahini wenu?"

"Samahani, fundi. Ni kosa langu."

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko kitu kingine chochote cha utoto wangu. Kelvin alikuwa amelichukua kosa, yuko tayari kuondoka nalo. Wanafunzi wenzake walikuwa wameinamisha vichwa. Jumamosi ilikuwa kesho. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nakuweza sana.

Na kusema kweli, wakati huo hata sikujua kosa ni la nani. Nilidhani ni adhabu. Nilidhani maganda niliyoyachoma yamenigeukia, kwamba kuna mtu juu anayeona kilichowashia uji wa Ndeshi. Niliokota paterni yangu chini, nikaenda nayo kwenye giaboksi wakati wao wanazungumza, nikailaza mahali pale pale nilipoipigia jana. Haikutosha. Urefu ulikuwa ule ule, lakini upana ulikuwa umepungua. Niliivuta kushoto, kulia kukabaki wazi. Niliivuta kulia, kushoto kukabaki wazi. Ganda lilikuwa limekauka na kunywea, kama mtu anavyokonda mbavu bila kufupika.

"Fundi," nikasema. "Kelvin hakutikisika."

Wakageuka.

"Ganda lilikuwa bichi. Nililikausha kwenye jiko ili usijue. Limenywea." Nikaona bora nimalize yote. "Makavu niliyachukua mimi. Nilikuwa nayawashia moto nyumbani."

Fundi Deo aliinua macho mpaka kwenye boriti. Nadhani alikuwa hajaitazama wiki nzima.

"Yote?"

"Yote."

Akachukua ganda mkononi mwangu, akalilaza mwenyewe kwenye giaboksi, akalivuta kushoto, kulia. Kisha akaenda kuchukua kiroba, akalitia bamba ndani, akalifunga nyuma ya baiskeli yake kwa mpira.

"Saa nne kesho nitakuwa kwenu," akaniambia, akaondoka.

Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Bamba lilikuwa ushahidi. Mtu anayekwenda kusema kwamba mtoto hafai kazi hubeba kitu alichokiharibu, ili asibishiwe. Nilipanda nyumbani bila chai. Nilimwogesha Ndeshi, nikafua shati la Gaspari, na nilipomaliza nikaanza kuzitenga nguo zao katika mafungu mawili, la Chekereni na la mjini, ili kesho nisihangaike mbele ya watu. Gaspari alinikuta. Alitazama mafungu, akaketi juu ya lile la kwake, na hakuinuka mpaka nilipoacha.

Jumamosi nilifagia uwanja kabla jua halijatoka. Ndugu wa baba walikuja, mbege ikamiminwa. Saa nne Fundi Deo alitokea kati ya migomba akiwa na kiroba begani, amevaa koti la kanisani juu ya suruali ya kazi. Akasalimia, akaketi, akakataa mbege. Akafungua kiroba na kuliweka bamba chini, katikati ya miguu ya wazee. Kuku walikimbia.

"Bamba hili la gari la wanafunzi wa chuo," akasema. "Huyu ameliharibu."

Baba Mdogo akaliinamia, akatia kidole kwenye tundu. Mimi nilitazama chini.

"Nilimwambia ajifunze kitu ambacho nikikisema hakitanisuta. Hili halitanisuta. Aliliharibu jana mchana. Kulikuwa na kijana wa chuo amesimama pale, amekubali kosa si lake. Mimi nilikuwa nimeshaamini. Huyu alijua leo nakuja hapa, na alijua ninyi mnangoja nini kutoka kwangu. Akasema ni yeye, na akaniambia sababu, na sababu yenyewe aliitafuta mwenyewe mpaka akaiona. Mimi nina mafundi wazima, wenye wake na watoto. Wakikosea husema umeme ulishuka."

Baba Mdogo alinyoosha mgongo. "Ngoja nielewe, fundi. Tumwachie watoto wawili kwa sababu ameharibu chuma?"

"Na ameiba kuni," Fundi Deo akasema. "Usisahau kuni."

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Shangazi akafuata mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Hata Ndeshi alicheka, nami nikambana mkono anyamaze.

"Na kazi anaiweza?" Baba Mkubwa akauliza alipotulia.

"Hili bamba Jumatatu ataziba matundu na kutoboa upya. Kwa mkono wake. Kama hawezi nitarudi niwaambie."

Walizungumza kwa Kichagga, haraka, Baba Mdogo akipinga na Shangazi akimkatiza. Mwisho Baba Mkubwa akaniita.

"Mtabaki," akasema. "Lakini msimu wa kahawa ukiisha tutakuja kuangalia. Nyumba, shamba, watoto. Tukikuta mambo hayako sawa, ni vile tulivyosema mwanzo. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Mkubwa."

Jumatatu tulikata vipande vya chuma vya duara, tukaviingiza kwenye matundu mabovu, Fundi Deo akavichomelea nami nikasaga mpaka uso ukawa mmoja. Paterni ya pili nilipiga kwenye ganda alilolikausha mkewe. Chuma kilichochomelewa ni kigumu, tulivunja ncha mbili za drili. Lakini bolti ziliingia zote kumi. Siku watahini walipokuja tulishuka chuoni kutazama, Gaspari na Ndeshi wakiwa wamenishika sketi. Kelvin aliketi kwenye usukani. Gari liliteleza mbele yetu bila mlio, na Gaspari akapiga kelele, "Dada, mbona linakwenda kabla halijawashwa?" Nilitazama nyuma yake. Hakukuwa na waya.

Lakini kitu nilichokibeba kutoka utoto ule ni kile cha mwisho alichosema Baba Mkubwa. Msimu wa kahawa ulipoisha nilifagia uwanja, nikaupaka ukuta wa jiko udongo mpya, nikawavalisha wadogo zangu nguo za Jumapili, tukakaa barazani. Hawakuja. Nikadhani watakuja wiki inayofuata. Nikadhani wanataka kutukuta bila taarifa. Basi nikaamua siku zote ziwe siku ya kuangaliwa. Kikombe hakikuachwa nje. Hakuna aliyecheza ndani ya kahawa. Gaspari alirudi kutoka shule na mtihani mbaya, nikamweleza mambo ambayo mtoto wa miaka kumi na tatu hapaswi kuelezwa. Siku Ndeshi alipovunja mtungi alijificha kwenye migomba mpaka giza likakaribia, na nilipompata sikumkumbatia. Nilimwuliza, "Wakija leo je?" Ndivyo nilivyowalea, msimu baada ya msimu, nikiwa fundi kamili sasa, nikiwa na vijana wawili chini yangu, na bado kila kahawa ikishavunwa nafagia na kutazama njia.

Mwaka jana nilishuka Chekereni kumjulia hali Baba Mkubwa. Ni mzee sana sasa, miguu imevimba, anakaa chini ya paa la nyasi akitazama maji ya mfereji. Tukazungumza habari za watu waliokufa. Mwisho nikamwuliza, kwa utani kidogo, mbona hawakuja kamwe kuangalia.

"Kuangalia nini?"

"Sisi. Ulisema kahawa ikiisha."

Alifikiri. "Nilisema hivyo ili baba yako mdogo anyamaze, alikuwa ameshaudhika. Sisi tulimaliza siku ile ile, mwanangu. Tukiwa njiani kushuka nilimwambia shangazi yako asitandike kitanda cha mtoto." Akanitazama vizuri. "Ulikuwa unatungoja?"

"Hapana, Baba Mkubwa," nikasema.

Jioni nilimpigia simu Ndeshi. Ana watoto wake sasa, nilisikia wakigombania kitu nyuma yake, naye hakuwakemea. Nikamweleza alichosema Baba Mkubwa. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua nianzie wapi, mtungi au mahali pengine. Nilisikia akitoka nje na kuziacha kelele zile nyuma.

"Dada," akasema, "sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Kwamba hawaji. Shangazi alimwambia Gaspari zamani, nikiwa darasa la tatu. Gaspari akaniambia mimi."

"Miaka yote hiyo? Mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa. Gaspari alisema ukijua hakuna anayekuja kuangalia, utarudi shule. Utaenda zako. Tukakubaliana tusiseme."

Niliketi kwenye ngazi ya baraza, simu sikioni. Uwanja ulikuwa safi mbele yangu. Niliwaona wawili wale wakinisaidia kufagia kila mwisho wa kahawa, kimya, wakinitazama mimi nilivyokuwa nikiitazama njia.

"Nisingeenda," nikamwambia.

"Najua," Ndeshi akasema. "Sasa najua."